Bawa la Kushoto

Watu wa Kanja hawakuiita ndege. Waliiita kuku wa Kivuti, kwa sababu ilizaliwa katika nyumba ya kuku, na kwa sababu mpaka mwaka wa sita ilikuwa haijaruka hata kimo cha ua. Mtu akipita njiani kwenda sokoni alipaza sauti, "Mama Ngari, kuku bado anatamia?" Naye Wanja alijibu bila kuinua kichwa, "Anatamia. Wako ameshataga?"

Nyumba hiyo ya kuku ilikuwa ya Wanja, na hilo lisemwe mapema ili haki itendeke. Ndiyo iliyosomesha watoto. Ilikuwa bora kuliko jengo lolote pale bomani: mabati yasiyovuja, sakafu ya saruji, mapazia ya nailoni yaliyozuia upepo wa mlimani usipate pa kupenya. Siku Kivuti, mumewe, alipostaafu kazi ya gereji mjini Embu, alikuja nyumbani na maneno matamu na kipande cha nyama, akaiomba nyumba ile kwa miezi michache tu. Wanja aliuza kuku wake, akafagia, akamkabidhi ufunguo. Kumbe miezi ya Kivuti ilikuwa ya mpira, ukiivuta inavutika.

Lakini mtu asije akadhani Kivuti alikuwa na wazimu. Maisha yake yote pale gereji alikuwa fundi wa faiba: bampa za matatu, matangi ya maji, paa za pikapu. Mikono yake ilijua kulowesha kitambaa cha nyuzi za kioo kwa resini, gundi ya majimaji, mpaka kikaganda, kikawa kigumu kuliko mbao na chepesi kuliko bati. Siku moja mteja wake Omar, mchinjaji wa Gachoka, alimletea bampa iliyovunjika. Walipokuwa wakingoja resini ikauke, Omar akamwonyesha kwenye simu picha za watu wa ng'ambo wanaojiundia ndege ndogo kwa vitu hivyo hivyo, nyumbani kwao, kwa michoro na vipande vinavyoletwa ndani ya sanduku. Kivuti alizitazama zile picha mpaka simu ya mwenzake ikaisha chaji. Kuanzia siku hiyo hakuwa tena mtu wa bampa.

Alisomea urubani Nairobi akiwa tayari ana wajukuu, akarudi na leseni aliyoionyesha hata kwa mwuza maziwa. Omar akajitolea kipande cha shamba lake, maana Gachoka ni nchi kavu ya Mbeere iliyonyooka kama meza, ndege ina pa kukimbilia. Kisha sanduku likaja. Ndani yake mlikuwa na kiwiliwili cha ndege katika nusu mbili, kama ganda la njugu, na injini, na magurudumu, na michoro. Mabawa, michoro ilisema, jiundie mwenyewe.

Bawa la ndege ya namna hii halina maajabu mengi. Unachukua povu gumu, jepesi kama mkate wa dukani, unalichonga umbo la bawa. Halafu unalivisha kitambaa cha kioo kilicholowa resini, tabaka moja likikauka unaweka jingine juu yake, mpaka tabaka zote zishikane ziwe ngozi moja. Nguvu yote ya bawa imo katika ngozi hiyo. Povu la ndani limewekwa kushikilia umbo tu.

Wanja hakupanga kuingia katika mambo hayo. Alianza kwa kushika taa, akaendelea kwa kukata vitambaa, na kabla mwaka haujaisha yeye ndiye aliyekuwa akipima na kuchanganya resini, kwa sababu Kivuti alizoea kukadiria kwa jicho, na resini ya ndege haitaki jicho, inataka mizani. Aliyepima chakula cha kuku miaka yote ile, kila mfuko na kipimo chake, hakuona ugumu wowote. Siku moja alijikuta akitabasamu peke yake huku akisukuma viputo vya hewa chini ya kitambaa kwa kipande cha plastiki. Alijionea haya, akaendelea.

Bawa la kulia walilifanya mwanzo wa mwaka, jua likiwa kali, na likaganda vizuri. Bawa la kushoto likaangukia Julai.

Aliyewahi kuishi Kanja mwezi wa Julai hahitaji kuambiwa. Ukungu unashuka kutoka mlimani asubuhi, unakaa mpaka mchana, na nguo ulizoanika Jumatatu unazianua Alhamisi zikiwa bado na unyevu. Resini ilikataa kuganda. Walilala wakitumaini, wakaamka wakaikuta inanata kama uji wa jana. Kivuti alisimama mbele ya bawa, mikono kiunoni, mdomo umemshuka. Wanja alimhurumia. Akaenda stoo, akarudi na jiko la vifaranga.

Kila mfugaji wa huko analo: jiko la udongo lenye kifuniko cha bati, unaliwasha makaa, unalizungushia vifaranga wa siku moja, linakuwa mama yao. Wanja alilishika kwa vitambaa viwili, akaliweka chini ya bawa.

"Kama limelea vifaranga, litalea na hii," akasema.

Kivuti akacheka kwa furaha. "Sisi wenyewe kule gereji tulikuwa tunapasha bampa na jiko kila Julai," akasema. "Sijui kwa nini sikukumbuka."

Asubuhi iliyofuata resini ilikuwa jiwe. Basi mwezi ule wote Wanja aliamka kabla ya jogoo, akavaa koti la Kivuti juu ya leso, akapita ukunguni na makaa mapya. Kila tabaka lililala na joto lake. Alimsikia mumewe akimwambia Omar kwa simu, "Huyu mwanamke ametamia bawa, nakuambia." Wanja alijifanya hakusikia. Lakini neno lile lilimkaa moyoni siku nyingi, na alilipenda.

Mabawa yote mawili yalipokwisha, Kivuti alianza desturi yake ya kugonga. Jioni, jua likielekea kuzama, alichukua sarafu ya shilingi kumi, akatembea nayo juu ya bawa kutoka shina hadi ncha, akigonga kila upana wa kidole. Ngozi iliyoshikana inalia kavu, tak tak tak. Palipoachana ndani, sauti inakufa. Ni jambo ambalo kila mama aliyewahi kununua chungu sokoni analijua: unakigonga kwa kifundo cha kidole, unakisikiliza, na mwuzaji akianza kuongea sana ili usisikie, unakirudisha chini na kwenda zako.

Jikoni kwa Wanja na nyumba ya kuku hapakuwa na umbali. Aliusikia mdundo ule kila jioni akimenya viazi vya kupondea mukimo. Tak tak tak, bawa la kulia. Kimya kidogo, Kivuti akizunguka mkia. Tak tak tak, bawa la kushoto. Ulikuwa kama saa ya ukutani, huisikilizi lakini unaisikia.

Jioni moja saa hiyo iliruka pigo.

Wanja alisimamisha kisu. Bawa la kushoto: tak tak tak, halafu kimya cha hatua mbili, halafu tak tak tak tena, karibu na ncha. Alifikiri pengine sarafu imeanguka. Jioni ya pili akangoja, na kimya kikaja mahali pale pale. Ya tatu vilevile. Mtu akidondosha sarafu haidondoshi pale pale kila siku.

Hakuuliza. Katika nyumba ile mambo mazito hayakuulizwa uso kwa uso, yalingojwa yajitokeze yenyewe wakati wa kupukuchua mahindi au kufunga ng'ombe. Lakini alianza kumtazama mumewe. Kivuti alikuwa akila nusu ya chakula chake na kukisifu chote. Wiki hiyo hiyo akalipaka bawa la kushoto rangi nyeupe, peke yake, wakati Wanja alikuwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Aliporudi akamkuta akisugua mikono kwa mafuta taa.

"Umepaka bila mimi?" akauliza.

"Nilitaka kukupumzisha, Mama Ngari. Si unajua Omar anakuja Jumamosi na pikapu kuchukua mabawa? Na Injinia Beverlyne atafika Gachoka wiki ijayo."

Beverlyne alikuwa injinia wa ndege, binti wa Mikinduri ambaye babake huuza miraa. Yeye ndiye aliyekuwa akiikagua kazi yao hatua kwa hatua. Alikuwa ameyaona mabawa kabla hayajavishwa, akayaridhia. Ngozi ya juu ikishapakwa rangi, humwuliza mjenzi kama ameigonga yote, na mjenzi husema kweli, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye atakayekaa ndani. Beverlyne akiridhika, Kivuti angeipandisha ndege angani.

Ijumaa Kivuti akaenda mjini Embu kutafuta skrubu. Wanja aliingia nyumba ya kuku, akachukua sarafu kwenye rafu, akaanza. Bawa la kulia lote lilimjibu. Akahamia la kushoto. Tak, tak, tak. Kisha pu. Akarudi nyuma, tak. Akasonga mbele, pu. Alifuata ukingo wa ile sauti iliyokufa kwa ncha ya kidole, akifikiri ni pa ukubwa wa sahani. Pakawa pa ukubwa wa sinia. Alipomaliza kuuzunguka, pangetosha kuanikia maharagwe.

Alikalia debe. Kwanza alikasirika, tena sana, hasira iliyomfanya aseme maneno ya Kiembu ambayo mamake alimkataza. Alijua! Alijua, akapita juu yake na sarafu kama mtu anayekwepa kidimbwi, akapaka na rangi! Halafu hasira ikamwacha, akabaki na woga mtupu. Alimwona Kivuti huko juu na kofia yake ya sufi, akitabasamu huku watu wote wa chini wakimwonea wivu, na ngozi ya bawa ikifunuka. Alirudisha sarafu mahali pake, akaenda kukamua ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hamsubiri mtu.

Jumamosi Omar akafika na pikapu yake, amevaa kofia iliyodariziwa na koti zito, maana watu wa Gachoka wakipanda Kanja huvaa kama wanaokwenda kuzikwa kwenye barafu. Walikunywa chai. Wakatoka wote watatu mpaka nyumba ya kuku, Omar akatandaza blanketi ndani ya pikapu tayari kwa mabawa.

"Baba Ngari," Wanja akasema, "kabla hayajapakiwa, gonga nisikie."

"Nimegonga kila siku, si unanisikia?"

"Nakusikia. Gonga."

Kivuti akamtazama, akachukua sarafu. Aligonga bawa la kulia lote polepole. Akaja la kushoto. Tak tak tak. Hatua mbili za kimya. Tak tak.

"Umepita," Wanja akasema.

"Wapi?"

"Mimi nipo jikoni kila jioni. Unajua umepita wapi."

Omar aliangalia huku na huku, kama mtu aliyefika kwa watu wakati wa chakula ambacho hakikupikwa cha kutosha. Mwisho akanyoosha mkono, akachukua sarafu kutoka kwa rafiki yake, akagonga mwenyewe. Pu. Akagonga tena pembeni. Pu.

"Hii ni nini, Mzee?" akauliza kwa upole.

"Ni hewa kidogo tu," Kivuti akasema. "Kiputo. Hiyo unadunga sindano ya resini, inashika. Hata kwa vitabu iko." Alikuwa akiongea sana, kama mwuza vyungu.

"Kisu chako kiko kwa gari?" Wanja akamwuliza Omar.

"Shemeji..."

"Nipe kisu, Omar."

Mchinjaji gani huacha kisu nyumbani? Omar alikitoa chini ya kiti, kile cha kuchunia, chembamba, kimenolewa mpaka kimepungua upana. Alimpa huku akimtazama Kivuti, na Kivuti hakumzuia. Alikuwa amejishika kwenye nguzo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wanja alipasua rangi nyeupe kwenye ukingo aliouchora jana kwa kidole, akaingiza ncha ya kisu chini ya tabaka la juu, akalipindua kidogo. Akaweka kisu chini, akashika kwa vidole, akavuta. Ngozi ya bawa iliyopaswa kumbeba mumewe angani ilimfuata mkono bila ubishi. Ilitoka pana, nzima, ikilia taratibu kama gazeti kuukuu. Chini yake tabaka la pili liling'aa, laini, halina hata mkwaruzo.

"Mbuzi mnono unamchuna kwa ngumi," Omar akasema kwa sauti ya chini. "Hii haitaki hata ngumi."

Wanja akamgeukia mumewe. "Ulijua lini?"

"Siku nyingi."

"Lini?"

"Tangu mvua ya Oktoba ianze." Kivuti akakaa kwenye debe lile lile. Alionekana mzee, na Wanja hakupenda kumwona hivyo. "Kuna grupu ya wajenzi kwa simu. Mtu wa huko ng'ambo aliuliza kitu kama hiki, wakamjibu. Ni jiko, Mama Ngari."

"Jiko?"

"Makaa ikiwaka inapumua. Inatoa hewa yake na unyevu. Ukiongeza hii ukungu yetu, resini inatoka jasho juu, jasho jembamba hata huwezi kuona. Wewe unaona imekauka, kumbe ina mafuta. Tabaka ingine ukiweka, inalala juu ya jasho, haishiki. Ile resini ya bampa haikuwa na hii tabia. Tulipasha na jiko miaka yote na hakuna bampa ilikataa. Hii ni resini ingine. Mimi ndiye fundi, na mimi ndiye nilicheka nikasema lete."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Kivuti alitazama mikono yake. "Ningekuambia nini? Kwamba uliamka na hiyo baridi mwezi mzima, na koti yangu, kuja kuharibu? Nilikuwa nakuona kwa dirisha ukipita na makaa. Sikuweza. Kila siku nikisema nitasema kesho. Halafu nikajiambia ni mahali padogo. Halafu nikachoka, Wanja. Nimechoka kungoja. Mimi si kijana."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe.

"Kwa hivyo ungekufa," Wanja akasema, "ndiyo mimi nisione haya?"

"Sikuwa nafikiria kufa. Nilikuwa nafikiria uso wako."

"Huu uso!" Wanja akajipiga shavu kwa kiganja. "Huu uso ungekuwa unaangalia wapi siku hiyo? Ungekuwa chini hapo Gachoka, ukiangalia juu!" Na hapo akalia, mbele ya Omar, bila kujifunika. Alilia kwa hasira na kwa mapenzi, na kama ungemwuliza ni kipi kilichozidi asingeweza kukupimia, hata kwa mizani yake. Omar akatoka nje kuangalia matairi ya pikapu ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Aliporudi akawakuta wote wawili wameinama juu ya bawa. Kivuti alikuwa ameshika ukingo wa ngozi upande mmoja, Wanja upande wa pili, wakivuta pamoja. Omar akakunja mikono ya koti. Palipoachia penyewe waliondoa kwa mikono, palipokaza akapitisha kisu, na kufikia saa ya kuswali adhuhuri bawa la kushoto lilikuwa uchi mpaka kwenye povu. Mficha maradhi kifo humwumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na la kusema kuhusu mtu anayeyaficha ili mwenzake asiumie roho. Hilo watu wa nyumba hujimalizia wenyewe.

Kanja yote ikasikia. "Mama Ngari, kuku amenyonyoka manyoya?" wapita njia wakauliza. "Anabadilisha," akajibu. "Hukumbuki kuku hubadilisha manyoya?"

Bawa jipya hawakulifanya Kanja. Omar aliwapa stoo nyuma ya bucha yake kule Gachoka, na Zuleka, mkewe, akawapa chumba na kumzoeza Wanja chai ya tangawizi. Huko jiko halikuhitajika hata kwa ndoto. Joto lenyewe lilikuwa adui wa pili: mchana resini ilichemka ndani ya kikombe ikatoa moshi kabla hujaigusisha kitambaa. Basi walifanya kazi alfajiri, hewa ikiwa bado imetulia, na jua likipanda walifunga mlango wakaliacha bawa ligande polepole. Kila tabaka lilipokauka, Wanja aliliosha kwa maji safi na kitambaa, akalisugua kwa msasa mpaka likapoteza mng'ao wote, akaliosha tena. Kivuti aliona anazidisha. Lakini alikuwa amejifunza, akamletea maji mengine.

Walijiwekea sheria moja tu. Jioni Kivuti aligonga, na Wanja alikaa nje ya mlango akikatakata mboga, asimwone. Akisikia kimya alisema, "Rudi." Mara nyingi ilikuwa Kivuti amesimama kujikuna. Alirudi hata hivyo, akagonga tena.

Hivyo mwaka mwingine ukaisha, na hakuna aliyeufupisha.

Asubuhi ya kuruka, shamba la Omar lilikuwa na baridi ile fupi ya Mbeere ambayo jua huila mapema. Ndege ilisimama mwisho wa uwanja, nyeupe, mabawa yamenyooka. Watu wa Gachoka walijipanga kando ya ua wa makonge. Beverlyne, mwembamba, ovaroli yake imejaa mifuko, aliizunguka ndege yote, akavuta nyaya, akatingisha mkia, akachungulia injini. Akafika kwenye bawa la kushoto.

"Hii ndiyo ile mlirudia, Mzee? Umegonga yote?"

"Mimi nagonga," Kivuti akasema. "Anayesikia ni mama."

Beverlyne akamgeukia Wanja na kumpa sarafu yake mwenyewe. Wanja akagonga bawa lote mbele za watu, kutoka shina hadi ncha, juu na chini. Alichukua wakati wake. Mtu fulani uani akaguna kwamba ndege inaenda kuzeeka papo hapo. Wanja hakumjali, akamaliza, akasema, "Inalia." Beverlyne akatia sahihi.

Kivuti alivaa kofia yake ya sufi. Kabla hajafunga kifuniko cha kioo alimtazama mkewe, naye Wanja alitaka kumwambia jambo la maana, akakuta linalomjia ni moja tu. "Usiende mbali sana," akamwambia. Kivuti akaitikia kwa kichwa.

Wanja aliogopa. Hakuna haja ya kulipamba neno hilo. Injini ilipolia na ndege ikaanza kukimbia ikitimua vumbi, alishika mkono wa Zuleka kwa nguvu hata Zuleka akasema Bismillahi kwa sababu ya maumivu. Magurudumu yakaacha ardhi. Watu wakapiga kelele, Omar akavua kofia akairusha juu akaipoteza makongeni. Wanja hakupiga kelele. Alilitazama bawa la kushoto tu. Sehemu nyingine za ndege hakuzijua vizuri, lakini bawa lile alilijua kila upana wa kidole, na alilitazama likizunguka juu ya mashamba ya ndengu, likainama kwenye kona, likashika jua, likanyooka tena. Likabeba. Kivuti alizunguka mara ya kwanza, akazunguka tena, kisha akashuka, akadunda kidogo kama mtu anayekosea ngazi ya mwisho, akasimama.

Kivuti alipofungua kioo watu walikuwa tayari wanakimbilia, lakini Wanja alikuwa amewatangulia. Hakwenda kwake. Alikwenda kwenye bawa, akatoa sarafu, akaligonga lote tena tangu mwanzo. Watu wakasimama. Kivuti akabaki ameketi humo ndani, akingoja, mikono magotini, kama mtoto anayengoja kutangaziwa matokeo ya mtihani. Tak tak tak, mpaka ncha.

Ndipo Wanja akamsaidia kushuka. Kivuti akaingiza mikono kwapani.

"Huko juu kuna baridi, Mama Ngari," akasema.

Mbali kidogo, upande upepo unakoelekea, Wanja alikuwa ameliweka jiko la vifaranga. Alikuwa amelileta kutoka Kanja kwa ajili ya chai ya wageni, na alilipima umbali wake na ndege kwa hatua zake mwenyewe, mara mbili. Makaa yalikuwa yameiva. Alimkalisha mumewe kwenye kigoda, akamvua glavu, akaivuta mikono yake karibu na moto.

"Basi sogea," akasema, akaongeza kaa moja.